Kigari cha Magurudumu Matatu na Mchanga wa Shela

Mteja akiingia dukani kutafuta kigari cha kumsukumia mtoto, msimkimbilie na vigari. Mtazameni miguu kwanza. Akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo, huyo ametoka Ganda au Kakuyuni, na njia yake ina mashimo na mizizi. Akiwa na mchanga mweupe baina ya vidole, ni mtu wa vichochoro vya hapa mjini, na gurudumu jembamba litamtesa. Akiwa na viatu visafi, muulizeni ni nani hasa atakayekisukuma hicho kigari, maana mara nyingi si yeye.

Mimi haya sikuyajua nilipoanza. Nilianza kazi miaka ya themanini, hapa Malindi, katika duka la baiskeli la Bwana Amirali, nikiwa na shahada mpya ya biashara na woga wa kila mteja aliyevuka kizingiti. Sasa mmeniomba, nyinyi mlioichukua kaunta yangu, niwaandikie namna ya kumchagulia mzazi kigari cha magurudumu matatu. Nimeandika na kuchana mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili niliogopa mtadhani najisifu. Ya tatu sikumbuki kwa nini niliichana. Ya nne ilikuwa nzuri, lakini ilinionyesha nadhifu kuliko nilivyokuwa kazini, nikaona haya. Basi hii ya tano mtaisoma ilivyo.

Bwana Amirali alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, nyuma ya duka lile lile, na kila kijana kwake alikuwa "beta", yaani mwanangu. Aliniajiri kwa sababu moja tu. Wageni wa hoteli walikuwa wameanza kuuliza vigari vya watoto, naye alichoka kuvieleza. "Wewe umesoma, beta. Kaa na hivi vitu mpaka viseme nawe."

Nikakaa navyo. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambamo niliandika maswali ya kumuuliza mteja. Yalipofika arubaini nikaona bado hayatoshi. Mteja akiondoka, nilibaki nikijiuliza kama nimemuuliza swali la kumi na saba kabla ya la kumi na sita, na kama hilo lingeharibu majibu yake.

Aliyeniponya, kidogo, ni Fundi Kazungu. Alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, mtu mzima, mrefu, na benchi lake lilikuwa ukumbi wa nyuma ambako alinyoosha rimu na kuziba pancha. Jina langu ni Saumu lakini yeye aliniita Digrii tangu siku ya kwanza hadi siku aliyostaafu. Siku moja alinikuta nimepiga magoti mbele ya kigari, daftari mkononi, nikikipima kwa rula.

"Digrii, hicho kigari wewe wakinunua ama wakiposa?"

"Nataka kujua kwa nini wameweka magurudumu matatu, Fundi. Manne si imara zaidi?"

Akacheka hadi akaweka spana chini. "Nyumbani kwenu mwapika juu ya mafiga mangapi?"

"Matatu."

"Ushawahi kumwona mamako akitia karatasi chini ya figa ili sufuria isicheze? Meza ya miguu minne ndiyo hutiwa karatasi. Vitu vitatu vyote hugusa chini, hata pakiwa na shimo. Andika hilo, kisha ufunge hilo daftari ule muhogo."

Nililiandika. Hadi leo, vijana, sijapata njia bora ya kulieleza.

Lakini msidhani kila kigari cha magurudumu matatu ni sawa. Dukani tulikuwa na viwili. Cha kwanza kilitoka ng'ambo: cheupe, chepesi, na gurudumu lake la mbele dogo kama kisahani, linalogeuka lenyewe kila upande unaoutaka. Cha pili alikiunda Fundi Kazungu kwa magurudumu ya baiskeli za watoto. Gurudumu lake la mbele lilikuwa kubwa, limekazwa, halipindi kulia wala kushoto. Alikipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la mtu. Nilikisogeza pembeni, nyuma ya mitungi ya pampu, kisiaibishe kile cheupe.

Mteja wa kwanza kukinunua kile cha kijani alikuwa mzee mmoja wa Kakuyuni. Alikilipia bila kuuliza, nikafurahi. Baada ya wiki akakirudisha, kiti kimechanika katikati.

"Mzee, mtoto wako ana uzito gani?"

"Mzito kiasi."

"Kiasi gani?"

Akatazama mlango. "Ni mapacha."

Fundi akainama, akachomoa ganda la muhogo kwenye mshono wa kiti, akamwonyesha. Yule mzee naye akacheka. "Basi na nyinyi mbona hamkuuliza nitapakia nini?" Kweli, maswali arubaini na hilo halikuwamo. Fundi alikishona upya kwa turubai nene, na mzee akataka badala yake kitoroli cha kukokotwa na baiskeli. Kile cha kijani kikarudi nyuma ya mitungi.

Hapo ndipo Bi Rukia alipokuja.

Aliingia asubuhi ya Ijumaa, mkono mmoja umeshika kiuno, akitembea kama mtu aliyebeba yai ndani ya buibui. Mumewe, Bwana Athumani, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Bofa, Kilifi, na nyumbani alirudi siku moja tu kwa juma. Ndiye aliyempakata mtoto. Mtoto alikuwa wa kike, Shufaa, mashavu mawili yamejaa, na doa la wanja limepakwa juu ya nyusi ili jicho la watu lisimdhuru.

"Niliteleza kisimani," Bi Rukia alisema. "Daktari amenikataza kubeba. Si mgongoni, si kiunoni, si begani. Miezi sita."

"Pole sana, dada. Na mtoto ana umri gani?"

"Miezi kumi na mmoja. Mzito, mashallah."

Nikafungua daftari. Nilikuwa nimefika swali la tisa, kuhusu upana wa mlango wao, aliponishika mkono ulioshika kalamu.

"Dada, ngoja nikwambie jambo lenyewe. Mama mkwe wangu yuko Siyu, huko Lamu. Amesikia habari ya mgongo wangu, ametuma salamu kwamba Jumatano yuaja. Akinikuta siwezi kumchukua mwanangu, atakwenda naye kwao hadi nipone. Si kwa ubaya. Ni mtu mwema, na mimi siwezi kumwambia la. Lakini huyu bado ananyonya. Miezi sita! Nikimwona tena atanikimbia, atalia kwa kuniona mimi."

Bwana Athumani alitazama sakafu. Yule alikuwa mamake.

Sasa mfikirieni mtu kama mimi, anayetokwa na jasho kuchagua pampu, akipewa jambo la namna hiyo. Nilimaliza maswali yote arubaini. Bwana Athumani akaniomba radhi, akasema adhana itamkuta bado anajibu. Kisha nikavipima vile vigari viwili. Nilimweka Shufaa ndani ya kile cheupe, nikakisukuma kwenye saruji ya duka, kaunta hadi mlangoni na kurudi. Kilikwenda kwa kidole kimoja. Kiligeuka penye pembe bila sauti. Bi Rukia alikishika, akakisukuma, na uso wake ukafunguka. "Hata mgongo haujui kama nafanya kitu," alisema. Nikawapa hicho.

Fundi Kazungu aliwatazama wakiondoka, akaniuliza wanakaa wapi.

"Shela, karibu na msikiti."

Hakusema kitu. Alirudi kwenye benchi. Siku hizo sikujua kwamba Fundi akinyamaza ndipo penye kosa.

Jumamosi yote nilikiwaza kile kigari. Jumapili mchana nikavaa viatu nikaenda Shela, mtaa wa hapa hapa mjini, kwa kisingizio cha kupita tu. Sikufika nyumbani kwa Bi Rukia. Nilimkuta kwenye kona ya kichochoro, pale mchanga unapojikusanya kando ya kuta. Kigari kimezama hadi ekseli. Lile gurudumu dogo la mbele limejigeuza pembeni kama mguu ulioteguka. Shufaa analia, Bi Rukia amekamata mpini kwa mikono miwili na uso umempauka kwa maumivu. Na barazani wanaume watatu.

"Bi Rukia, mpe nyasi huyo! Labda atakwenda!"

"Mpige kwenye paja, ndivyo punda wa kwenu wafanyavyo!"

Bi Rukia akauvuta tena mpini. Aliponiona aliniambia jambo moja tu, kwa sauti ndogo. "Leo Jumapili, dada."

Nilimbeba Shufaa mimi hadi kwao, kisha nikakikokota kile kigari cheupe hadi dukani, kinyumenyume. Jumatatu asubuhi Fundi alinikuta nimekaa mbele yake.

"Ulikijaribu wapi?"

"Hapa dukani."

"Na mteja anakaa hapa dukani?"

Vijana, kama mna nafasi ya kukumbuka jambo moja tu katika maneno yangu, kumbukeni hilo. Kigari kijaribiwe kwenye ardhi ya mwenyewe. Gurudumu linalogeuka lenyewe ni raha kwenye saruji na sakafu ya hoteli. Penye mchanga au kokoto hujigeuzia pembeni na kuwa nanga. Mchanga unataka gurudumu kubwa, la hewa, lililokazwa mbele moja kwa moja. Kwenye kona hukigeuzi kigari kwa kulipinda gurudumu. Unaukandamiza mpini chini kidogo, gurudumu la mbele linainuka, unazunguka kwa yale mawili ya nyuma. Siku hizi mna vigari ambavyo gurudumu la mbele hufungwa au kufunguliwa kwa kitufe, na hukunjwa kama kiti cha ufukweni. Vizuri sana. Lakini mwonyesheni mzazi kitufe kiko wapi, na mwacheni akibonyeze mwenyewe mara tatu mbele yenu.

Fundi alikitoa kile cha kijani nyuma ya mitungi. Akachukua msumari, akabonyeza vali za tairi, akatoa hewa hadi kidole gumba kikaweza kubonyea. Nilipiga kelele. Mimi nilikuwa nimezijaza zikawa ngumu kama jiwe, kama kilivyosema kijitabu cha kile cheupe.

"Ngumu hukata mchanga," alisema. "Laini hukanyaga. Mguu wa ngamia umeuona?"

"Sijauona kwa karibu."

"Basi tazama mguu wako."

Kisha akafanya kipimo chake. Mimi nimekifanya maisha yangu yote baada ya hapo, na wateja wamenicheka. Alitia maji kwenye karai, akaliweka karai kitini, akaniambia nisukume hadi sokoni na kurudi. "Maji yakimwagika nyuma, mzigo uko nyuma mno. Yakimwagika kando, kigari ni chembamba. Wewe usifikiri. Maji yatakwambia." Nilipita mjini nikisukuma karai la maji ndani ya kigari cha mtoto. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni dawa. Nilirudi na maji karibu yote, na viatu vikavu.

Jumanne tulimpelekea Bi Rukia. Alikisukuma kichochoro kizima, akaikata ile kona ya msikiti mbele ya wale wanaume watatu. Mmoja alisema tu, "Rangi mbaya." Bi Rukia akamjibu, "Kama koti lako," akapita. Nilikwenda nyumbani nikihisi nimemaliza kazi.

Jumatano yule mama mkwe, Mwana Esha, akaja kutoka Siyu. Alhamisi asubuhi Bi Rukia akatuma niitwe.

Nilimkuta bibi mdogo wa umbo, amekaa kwenye mkeka, amempakata Shufaa kama mtu ambaye mikono yake haijasahau. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwana Esha." Akaniitikia marahaba kwa upole, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja. Kisha akakielekezea kigari kidevu.

"Ndicho hiki? Chenda vizuri, nimekiona. Sina neno na magurudumu. Lakini mwana wetu huwekwa humu mbele, uso nje, kama samaki wa mnadani. Kila apitae amtazama. Mwenye jicho zuri na mwenye jicho baya."

"Anapakwa wanja, Mama," Bi Rukia alisema.

"Wanja ni wa macho mawili matatu, mwanangu. Si wa mji mzima."

Mwaniona nilivyo. Nilikuwa na jibu kabla hajamaliza. Nilisema nitamfanyia pazia. Nilirudi dukani nikashona mchana kutwa, leso mbili juu ya turubai, kutoka juu ya kichwa cha mtoto hadi miguuni, na vifungo pande zote ili upepo usilifunue. Nilifikiria mshono, nilifikiria mvua, nilifikiria hata rangi ya vifungo. Fundi alikuwa amekwenda kwao msibani. Naamini angekuwapo angeninyamazia, na safari hii ningeelewa.

Jumamosi, saa nne za asubuhi, tukatoka sote. Mwana Esha alikuwa ametaka aone Bi Rukia akimpeleka mtoto hadi zahanati na kurudi. Akiridhika, ataondoka peke yake. Bi Rukia alisukuma, mimi ubavuni, Mwana Esha nyuma. Pazia limefungwa. Watu wakapita, hakuna aliyemwona mtoto. Nusu ya njia Shufaa alikuwa akiguna ndani. Kisha akanyamaza.

"Amelala," nilisema. Nilisema kwa furaha.

Mwana Esha akasimama. "Mwana halali hivi," akasema, na kabla sijanyoosha mkono alikwishapasua vifungo vyangu vitatu kwa mpigo. Shufaa alikuwa amelowa kama aliyetolewa kisimani. Uso mwekundu, kichwa kimelala begani, macho nusu wazi.

"Mai! Nipani mai!" Kwa Kisiyu chake maji ni mai, na nyumba ya kwanza ikamwelewa. Tuliingia kivulini uani kwa watu tusiowajua. Mwana Esha akamvua nguo zote, akampangusa kwa kitambaa cha maji shingoni, makwapani, mapajani, polepole, huku akimsemesha. Bi Rukia akaketi chini, mgongo na amri ya daktari vimesahauliwa, akampa ziwa. Kwa muda mtoto hakulishika. Huo muda, vijana, sitajaribu kuuandika. Kisha akalishika.

Tulimpeleka zahanati hivyo hivyo. Muuguzi akampima, akasema amepatwa na joto, amewahiwa, anyonyeshwe sana na akae penye hewa. Akatazama lile pazia langu mkononi mwangu. Akasema kumfunika mtoto namna hiyo kwenye jua ni kumweka ndani ya chungu. Basi mkimwona mzazi ametandaza leso juu ya kigari, hata nyembamba, hata mara moja, mwambieni. Msione haya. Haya niliyoiona mimi mbele ya muuguzi yule, nikiwa na miaka ishirini na minne, yatosha.

Njiani kurudi Mwana Esha alimbeba mtoto mwenyewe. Alinisemesha bila kunitazama.

"Una mwana, binti?"

"Sina, Mwana Esha."

"Ndipo."

Bi Rukia alisukuma kigari kitupu. Hakulia, na ningeona nafuu kama angelia. Sote tulijua Jumatano, siku ya Mwana Esha kurudi kwao, basi la Lamu litaondoka na nani.

Tulipofika, mtoto alikuwa ameamka vizuri. Alikuwa begani kwa bibi yake, na kwa juu ya bega lile akawa anamtafuta mamake, akimpata anacheka, akimkosa anageuza shingo. Nikakitazama kitendo hicho. Nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze kazi ile. Nikauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Mwana Esha, nifundishe. Kwenu Siyu, mtoto akibebwa njiani, jicho la watu humkosa vipi?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nadhani alidhani nabishana. Kisha akaona sibishani.

"Mgongoni mwana hulaza uso kwa mamake. Watu huona kisogo. Kisogo hakina neno."

"Na akiwa kigarini, akimtazama mamake? Akiwapa watu kisogo?"

Akakitazama kigari. Bi Rukia akauacha mpini.

"Chaweza kugeuzwa?" Mwana Esha akauliza.

Jumatatu Fundi alirudi kutoka msibani. Nilimweleza yote, hata lile la pazia, hata "amelala". Hakunigombeza. Alisema, "Mulungu wangu," akachukua spana, akafungua kiti, akakigeuza kimtazame anayesukuma. Tukatia karai la maji. Maji yakamwagikia mbele, kwenye gurudumu. Akakisogeza kiti nyuma vidole vinne, akapanua ekseli, tukasukuma tena. Hata hapo mkumbuke, kiti kikigeuzwa mzigo wote hugeuka, na kigari kisichopimwa upya huinama mbele penye mteremko.

Tulipokipeleka, Mwana Esha alikuwa ameketi na rundo la ukindu ubavuni, anasuka. Sikuthubutu kumuuliza. Alikipima kile kigari kwa shubiri, akarudi kusuka. Jumanne jioni kipaa, yaani paa dogo la kigari, kilikuwa tayari. Kilikuwa cha juu tu, pande zote wazi, kimesukwa wazi wazi kiasi cha kupitisha upepo.

"Turubai hushika moto," aliniambia, akikifunga kwa kamba. "Ukindu hupumua. Tia mkono."

Nikatia mkono chini yake, juani. Palikuwa na ubaridi kama wa ndani ya msikiti. Nimewauliza watengenezaji wengi tangu hapo kuhusu vipaa vyao, na kila mara natia mkono.

Lakini hakuwa amesema lolote juu ya mtoto. Alikuwa amesuka tu. Bi Rukia alinivuta jikoni akaniuliza, "Amekwambia?" Nikasema hajaniambia. "Mimi pia hajaniambia. Nimefunga nguo za Shufaa kwenye kifurushi. Akisema aende naye, nisije nikaanza kuzitafuta mbele yake nikalia."

Jumatano tukaenda stendi. Mwana Esha mbele na kikapu chake. Bi Rukia anasukuma, kile kifurushi kimening'inia mkononi mwake, na Shufaa ndani ya kigari kibaya cha kijani, uso kwa mamake, akimtazama bila kupepesa kama mtu anayesoma. Waliopita waliona kisogo na kipaa. Hakuna aliyesimama. Mchanga ulikuwa mzito na tairi zikaukanyaga.

Basi lilikuwa limewashwa. Utingo akapiga ubavu wa basi, "Lamu, Lamu, mama twende!" Mwana Esha akaweka kikapu chini, akarudi hatua tatu, akainama juu ya kigari. Mikono yake ikaenda moja kwa moja kwenye mkanda wa mtoto, kwenye kifungo.

Bi Rukia akaachia mpini. Akainua kile kifurushi, akakinyoosha mbele. Mimi nikatazama pembeni.

Mwana Esha aliufungua mkanda. Akauvuta tundu moja mbele, akaufunga tena, akatia vidole viwili chini yake kuona kama wabana.

"Umelegea," alimwambia mkwewe. "Utazame kila asubuhi."

Akalibusu paji la Shufaa penye wanja, akapanda basi.